Stelingi Hafi

Yako maneno mawili yasemwayo juu ya sinema za mwendelezo kila wanapokutana wasomi, na mimi nayakataa yote mawili. La kwanza ni la wale wanaodharau. Hao husema kwamba picha ya pili, ya tatu na ya kumi ya kisa kile kile ni uvivu wa akili, na kwamba mtu aliyeelimika hana haja ya kupoteza saa mbili akimtazama mtu mmoja anaruka kutoka gari hili kwenda lile. La pili ni la wale wanaotetea kwa kuchoka. Hao husema: watu wanapenda, basi waache wapende, mchezo ni mchezo tu. Wale wa kwanza aghalabu hawakuzitazama picha wanazozihukumu. Wale wa pili wamezitazama, walakini hawakujiuliza wametazama nini.

Mimi nimezitazama. Ni mpenzi wa picha za mapigano na za upelelezi tangu utoto, na nyingi katika hizo sikuziona katika majumba makubwa ya Dar es Salaam, bali Ibighi, pale Tukuyu, katika banda la bati ambalo watu huliita kibanda umiza. Na yeyote aliyewahi kukaa juu ya mabenchi yake hahitaji kuelezwa maana ya jina hilo. Mvua ya Rungwe ikianza kupiga juu ya bati, hata mizinga ya Hollywood haisikiki.

Jioni moja ilionyeshwa Fast X, picha ya kumi katika mfululizo ulioanza mwaka 2001. Mbele yangu aliketi mzee mmoja, mkulima wa chai na migomba, pamoja na mjukuu wake. Msomaji aliyeiona picha ile anajua jinsi inavyokoma: gari lateremka juu ya ukuta wa bwawa, baba na mwanawe mdogo wamo majini chini yake, adui ametega mabomu ukutani; na papo hapo majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Watu wakainuka. Yule mzee hakuinuka. Akamwita kijana mwenye banda akamwuliza, “Mwanangu, yule mtoto amepona?” Kijana akajibu, “Baba, hiyo mpaka itoke nyingine.” “Itatoka lini?” “Haijulikani, baba.” Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira, “Basi ungeniambia pale mlangoni.”

Picha ile ilitolewa mwaka 2023. Mwaka 2024 ukapita, na 2025 ukapita, na lile bwawa bado halijatuambia neno.

Hoja yangu yote imo katika jibu la mzee yule. Sinema za mwendelezo siziletei mashtaka kwa kuwa ni za mwendelezo. Nazishtaki kwa mambo mawili, wala si zaidi: la kwanza, kuuza nusu ya kisa kwa bei ya kisa kizima, la pili, kukifanya kifo kisiwe kitu.

Kwanza na tuwaondoe wanaodharau. Wakisema kwamba kumrudia mhusika yule yule ni unyonge wa sanaa, itawalazimu waanze kwa kuvichoma vitabu vyetu wenyewe. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960. Hakumwacha Bwana Msa pale. Alimrudisha katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, katika Duniani Kuna Watu mwaka 1973, katika Siri ya Sifuri mwaka 1974, na bado akaendelea naye hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Elvis Musiba naye alimtuma Willy Gamba katika kitabu baada ya kitabu, na vijana waliazimana vitabu hivyo mpaka majalada yakatoka. Nani athubutuye kusema kwamba fasihi ya Kiswahili ilipungukiwa kwa sababu hiyo? Msomaji alimrudia Bwana Msa kama mtu amrudiavyo rafiki: kiko kile kile, Najum yule yule, lakini fumbo jipya. Na jambo kubwa zaidi ni hili: kila kitabu kilijifunga chenyewe. Aliyekuwa na fedha ya kitabu kimoja tu alipata kisa kimoja kizima. Hakuna aliyefika ukurasa wa mwisho akaambiwa kwamba mwuaji atatajwa baada ya miaka minane.

Haya, tuje kwenye shtaka la kwanza. Kukiahirisha kisa si dhambi ikiwa mtu ameambiwa mapema. Gazeti linalochapa hadithi kwa vipande huandika chini “itaendelea”, na mnunuzi anajua kwamba amenunua kipande. Picha ya Mission: Impossible ya mwaka 2023, Dead Reckoning, ilitoka ikitangaza katika jina lake kwamba ni sehemu ya kwanza. Huo ulikuwa uungwana. Tena ndani yake lilikuwamo fumbo dogo lililopata jibu: ufunguo uliogawanyika vipande viwili ulitafutwa, ukapatikana, na mtazamaji akatoka na kitu mkononi ingawa vita vikubwa vilibaki. Lakini baadaye maneno yale ya “sehemu ya kwanza” yakaondolewa, na picha iliyofuata mwaka 2025 ikapewa jina jingine, The Final Reckoning. Kwa nini yaliondolewa? Sijui jibu jingine lenye akili ila kwamba neno “sehemu” humkumbusha mnunuzi kwamba hapewi kitu kizima. Mwenye duka anayeifuta alama ya kipimo kwenye mizani yake hana haki ya kukasirika tukimtazama vibaya.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa Marekani kana kwamba sisi tu wasafi. Katika miaka ya 2000 na mwanzo wa miaka ya 2010, picha zetu za Bongo ziliuzwa kwa desturi katika sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja katika diski yake na kwa bei yake. Mara nyingi kisa kile kingetosha katika diski moja, na bado ingebaki nafasi. Basi mtu alitembea sana, mwanamke alilia sana, gari liliegeshwa polepole sana, mpaka dakika zikatimia za kuuzia mara mbili. Hatukujifunza hila hiyo Hollywood. Tulikuwa nayo nyumbani. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa Kariakoo aliiona namba juu ya jalada kabla ya kutoa fedha.

Atainuka mtu aniambie juu ya gharama. Fast X, atasema, yatajwa kuwa iligharimu zaidi ya dola milioni 300. Mwenye mtaji kama huo lazima ajihakikishie kwamba watu watarudi. Hoja hiyo naielewa, na naikubali kuwa ni maelezo. Siikubali kuwa ni udhuru. Mwenye mtaji ndiye aliyeamua kutumia dola milioni 300. Si yule mzee wa Ibighi. Tena ipo njia nyingine ya kumrudisha mtazamaji, nayo ni kumridhisha. Msomaji wa Bwana Msa hakurudi kwa kuwa alidaiwa mwisho wa kisa. Alirudi kwa kuwa mwisho aliopewa ulimpendeza.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Vijana wetu wana msemo wa kale katika mabanda ya sinema: stelingi hafi. Mtoto wa miaka kumi akilisema neno hilo, analisema kwa furaha, na ni vizuri. Amekwisha kutambua kwamba hadithi ina kanuni. Lakini tazama jinsi kanuni hiyo ilivyoenea mpaka hafi mtu yeyote. Katika mfululizo huo wa Fast, Letty aliuawa katika picha ya 2009, na katika ile ya 2013 yu hai. Han aliuawa katika ile ya 2006, na mwaka 2021 akaingia mlangoni akila vitafunio vyake. Gisele alianguka akafa mwaka 2013, na mwaka 2023 akatokea katika nyambizi. James Bond aliuawa mwaka 2021, na baada ya majina kupita tukaandikiwa kwamba atarudi. John Wick tulimzika mwaka 2023, tukaonyeshwa na jiwe la kaburi lake. Mwaka 2025 kampuni yake ikatangaza picha ya tano.

Huko Rungwe Wanyakyusa wana neno kwa wafu wanaorudi: abasyuka, na mmoja wao ni nsyuka. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya mila za ukoo za watu hao, alieleza jinsi mazishi yalivyokuwa kazi kubwa na ya kuogopesha: mfu lazima kwanza atengwe na walio hai, ndipo baadaye akaribishwe nyumbani kama mzimu wa ukoo. Kurudi kwake kulikuwa na masharti. Mussa Banzi alipotengeneza picha ya kutisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliiita Nsyuka, na aliyelijua neno hilo alitetemeka kabla picha haijaanza. Hivyo ndivyo inavyopasa. Mfu akirudi, na itetemeke nyumba nzima. Siyo arudi kama mtu aliyekwenda sokoni, wenzake wamkumbatie, kisha waendelee na mazungumzo ya magari.

Mpinzani atanikumbusha Sherlock Holmes. Conan Doyle alimwua mwaka 1893 na kumfufua mwaka 1903. Ni kweli. Lakini Doyle alipomwua alikusudia afe, na kwa miaka kumi wasomaji walimlilia. Aliporudi, alirudi mara moja tu. Anayekufa na kurudi mara moja huleta mshangao. Wanapokufa na kurudi wote, mtazamaji huacha kulia, na akiacha kulia, mapigano nayo hayana kitu cha kugombea.

Wanaosema “ni mchezo tu” nawapa ushahidi kutoka ndani ya mfululizo ule ule. Paul Walker, aliyecheza Brian, alifariki kweli katika ajali ya gari mwezi wa Novemba 2013, picha ya saba ikiwa bado haijakamilika. Ilipotolewa mwaka 2015, watengenezaji hawakumwua Brian katika kisa. Walimwacha tu ashike njia yake, magari mawili yakaachana barabarani. Nimeiona sehemu hiyo Ibighi. Banda zima lilinyamaza, na waliokuwa wakipiga kelele kwa ndege na mabomu waliyafuta macho kwa mikono. Walilia kwa kuwa walijua kwamba huyu hatarudi. Na sisi wenyewe tuliijua hali hiyo tulipomzika Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012.

Kwa hiyo mimi huwapa heshima zaidi watu wa picha za upelelezi, maana kazi yao yenyewe huwakataza udanganyifu huu. Katika A Haunting in Venice ya mwaka 2023, Poirot azungukwa na habari za mizuka, lakini hatuachii mizuka iwe jawabu la mauaji. Katika Wake Up Dead Man ya mwaka 2025, picha ya tatu ya mpelelezi Benoit Blanc, mfu aonekana kana kwamba ametoka kaburini kwa miguu yake. Naye mpelelezi halali mpaka ukweli umewekwa mezani. Hii nayo ni picha ya mwendelezo. Lakini mtu aliyezikosa zile mbili za kwanza hakupungukiwa, na aliyeziona zote tatu alipewa miisho mitatu.

Basi ninadai nini? Wenye mabanda waandike mlangoni: picha hii haina mwisho. Neno hilo halina gharama. Wahakiki wetu waache kuona aibu kuziandika picha hizi, maana watu wengi zaidi huzitazama hizo kuliko wanavyovisoma vitabu tunavyovigombania. Na watengenezaji wetu, wanaotafuta huko na huko kisa cha kufuatisha kwa picha tatu au nne, wamfikirie Bwana Msa, wampe kila mara fumbo moja na kila mara jawabu lake. Yule mzee akilipa kiingilio siku hiyo, na ajue kabla ya kurudi nyumbani kama mtoto amepona au amekufa.