Usiseme Huna Maoni

"Mimi siasa si yangu, maoni sina." Kwa mtu aliyekimbia Bujumbura au Goma akafika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, jibu hili ni la kweli, tena ni la kujilinda: huko alikotoka, maoni ndiyo yaliyowaponza wenzake. Lakini likitamkwa mbele ya afisa anayesikiliza dai la ukimbizi, linaweza kumfungia mtu mlango ambao sheria imeuacha wazi.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unataja sababu tano za mateso, mojawapo "political opinion". Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inalo neno hilohilo. Kwa Kiswahili tunasema maoni ya kisiasa, wala hatukosei. Ila kwetu maoni hutolewa: mkutanoni, redioni, kwenye kikao cha mtaa. Asiyeyatoa tunamhesabu hana. "Opinion" ya sheria si lazima itoke kinywani.

Kiingereza kina maneno mazito zaidi. Mwaka 1982, katika kesi ya akina mama wawili wa Scotland waliopinga viboko shuleni, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema "conviction" si sawa na "opinion": ni msimamo uliokomaa, wenye uzito na mantiki. Neno hilo lingewekwa kwenye mkataba wa wakimbizi, wangapi kati yetu wangepita? Limewekwa lile jepesi, na wepesi wake ni haki yako.

Tena yapo maoni ya kubandikwa. Katika maandamano ya 2015 dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi, kijana wa Nyakabiga au Musaga, mitaa ya Bujumbura, hakuhitaji kusema lolote. Mtaa anaoishi ulitosha ahesabiwe mpinzani. Sheria ya wakimbizi inalitambua hili: mtesi akikudhania una maoni fulani na kukuandama kwa ajili hiyo, dai lako lina msingi hata kama hukuwahi kuwa nayo.

Imani nayo huvuka mpaka ikaingia siasani. Mashahidi wa Yehova wa Malawi waliokimbilia Zambia mwaka 1972 walikataa kadi za chama cha Rais Kamuzu Banda kwa sababu ya dini yao. Serikali ikaona siasa. Mtu wa namna hiyo ana sababu mbili za kueleza, dini na maoni ya kisiasa, na asiache hata moja.

Simshauri yeyote abuni kisa. Ndugu mkalimani, jibu likiwa "sina maoni", mweleze afisa kwamba kwetu neno hilo lina maana ya yale yaliyosemwa hadharani, ili naye aulize zaidi. Nawe unayengoja kuitwa, kama huna chama, sema huna chama. Kisha eleza walikudhania nani, na walikutenda nini kwa sababu hiyo.

Mhariri, Bwizibwera