Skrini na kompyuta za bei mbaya: Zina faida kwa nani?

Swali linalowasumbua wafanyabiashara wengi wenye ofisi ndogo, studio za picha na maduka ya kupiga chapa ni hili: je, kompyuta ya mezani na skrini za daraja la juu zinastahili bei zake? Muuzaji hujibu ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Mnunuzi mwenye mtaji mdogo hujibu hapana kabla hajapiga hesabu. Maoni ya safu hii ni kwamba wote wawili wanakosea, kwa kuwa wanazitazama skrini na kompyuta kama bidhaa moja. Hizi ni mali mbili. Moja huzeeka taratibu na nyingine huzeeka mbio. Asiyeitambua tofauti hiyo ataweka fedha zake mahali pasipostahili.

Tuanze na mfano ulio wazi. Juni 2019, mjini San Jose nchini Marekani, kampuni ya Apple ilitangaza kompyuta ya Mac Pro iliyoanzia dola 5,999, pamoja na skrini ya Pro Display XDR ya inchi 32 kwa dola 4,999. Stendi ya kuisimamisha skrini hiyo iliuzwa mbali, kwa dola 999. Iliposemwa bei ya stendi, watu waliokuwa ukumbini waliguna. Mnunuzi wa vitu hivyo vitatu alitakiwa kutoa dola 11,997 kabla ya kodi na usafiri. Kwa fedha hizo alipata kompyuta yenye memori ya GB 32 na diski ya GB 256. Aliyetaka magurudumu chini ya kompyuta aliongeza dola 400, na aliyechagua kila kitu cha juu kabisa alivuka dola 50,000.

Sasa tazama yaliyofuata. Mac Pro hiyo iliingia sokoni Desemba 2019. Juni 2020, miezi sita tu baadaye, Apple ilitangaza kwamba inaachana na prosesa za Intel, ambazo ndizo zilizokuwa ndani ya Mac Pro hiyo, na kuanza kutumia zake yenyewe. Machi 2022 ikatoa Mac Studio. Toleo lake la dola 3,999 lilielezwa na Apple yenyewe kuwa na kasi kuliko Mac Pro yenye prosesa kubwa kupita zote. Mwaka 2025 ikatangaza kuwa mfumo wa macOS Tahoe ndio wa mwisho kwa kompyuta za Intel. Aliyenunua kwa bei ya gari alishuhudia mali yake ikipitwa na kijisanduku cha mezani katika muda usiofika miaka mitatu.

Na ile skrini je? Skrini haikupoteza kazi. Mwenyewe aliichomoa kwenye Mac Pro, akaichomeka kwenye kompyuta mpya, na ikaonyesha rangi zilezile kwa ung'avu uleule. Hilo ndilo fundisho la kwanza: sanduku ndilo linalopitwa na wakati, skrini nzuri huhama nawe kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Fundisho la pili ni kinyume cha hilo. Oktoba 2014 kampuni hiyohiyo ilitoa iMac ya inchi 27 yenye skrini ya 5K kwa dola 2,499. Skrini ilikuwa nzuri mno kwa wakati ule, na wengi waliona wamepata bei ya bure. Lakini skrini na kompyuta vilikuwa mwili mmoja, na iMac hiyo haikuweza kutumika kama skrini ya kompyuta nyingine. Mifumo mipya ya macOS iliishia kwake mwaka 2020. Kioo kizima kikabaki kimefungwa ndani ya kompyuta iliyozeeka. Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua kompyuta iliyoungana na skrini ajue kwamba siku sanduku litakapochoka, skrini nayo itaondoka.

Wahasibu wanalijua jambo hili kwa jina la uchakavu. Katika sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania, kompyuta zimo katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, ambalo hupunguzwa asilimia 37.5 kila mwaka kutoka kwenye thamani iliyobaki. Kompyuta ya shilingi 1,000,000 huhesabiwa kuwa na thamani ya shilingi 625,000 baada ya mwaka mmoja, 390,625 baada ya miwili, na takriban 244,000 baada ya mitatu. Asilimia haibadiliki kwa bidhaa ghali. Kinachobadilika ni ukubwa wa hasara. Mwenye kompyuta ya milioni 16 huona milioni 6 zikifutika vitabuni mwaka wa kwanza.

Tuseme kikundi cha watu watano kimechanga dola 12,000 ili kufungua studio ya video za harusi na matangazo. Mmoja wao anasisitiza wanunue vifaa vya "kiwango cha kimataifa". Wakinunua seti ile ya mwaka 2019 kwa bei yake ya awali, watabakiwa na dola tatu. Hakuna kamera, hakuna taa, hakuna kodi ya pango, hakuna mshahara wa mwezi wa kwanza. Watakuwa na skrini bora mtaani na hakuna picha ya kuweka ndani yake.

Wakichukua njia nyingine, hesabu inabadilika. Mac mini iliyotoka Novemba 2024 iliuzwa dola 599 ikiwa na memori ya GB 16 na diski ya GB 256. Yenye diski ya GB 512 ilikuwa dola 799. Skrini ya Studio Display ya inchi 27, iliyotoka Machi 2022, ilianzia dola 1,599. Ukijumlisha 799 na 1,599 unapata dola 2,398, ambazo hazifiki robo ya mtaji wa kikundi. Zaidi ya dola 9,600 zinabaki kwa ajili ya mambo yanayoleta wateja. Hata hapo mnunuzi awe macho na nyongeza: katika Studio Display, stendi inayopanda na kushuka iliongeza dola 400. Bei ya kwenye tangazo huwa ni ya mlangoni. Ukiingia ndani kila kitu kina bei yake.

Je, ina maana hakuna anayepaswa kununua skrini ya bei ya juu? Hapana. Ilipotangazwa Pro Display XDR, Apple iliilinganisha na skrini ya kupimia rangi ya watengeneza filamu iliyouzwa dola 43,000. Kwa mtu wa kazi hiyo, dola 5,000 zilikuwa nafuu. Kwa karani wa duka la vipuri anayeandika ankara, fedha hizohizo ni upotevu. Bidhaa ni ileile, bei ni ileile, ila kazi si moja.

Kwa sababu hiyo safu hii inashauri mnunuzi ajiulize maswali manne kabla ya kufungua pochi.

(a) Je, mteja wangu ananilipa kwa ajili ya rangi? Mchapaji wa vitabu na kalenda, mpiga picha na mhariri wa filamu hulipwa kwa rangi. Kazi ikichapwa nakala elfu mbili na nyekundu ikatoka kama kahawia, hasara hiyo hufidia tofauti ya bei ya skrini kwa siku moja. Lakini hata mchapaji anaweza kuanza na skrini ya daraja la kati yenye kioo cha IPS, akanunua na kifaa cha kupimia rangi, akairekebisha kila baada ya muda. Skrini ghali isiyopimwa hudanganya sawa na rahisi isiyopimwa.

(b) Natazama maandishi kwa saa ngapi kwa siku? Skrini ya inchi 27 ya 5K ina nukta 218 kwa kila inchi. Ya inchi 27 ya 4K ina 163. Ile ya kawaida ya inchi 24 ya 1080 ina kama 92. Kutoka 92 hadi 163 macho huona nafuu papo hapo. Kutoka 163 hadi 218 nafuu ipo, lakini ni ndogo kuliko ongezeko la bei. Kwa mhasibu au mhariri wa gazeti, 4K ya kati inatosha kabisa.

(c) Kasi ya kompyuta itaniokolea saa zipi? Kama fundi wako hukaa bure saa mbili kila siku akisubiri video imalizike, na kompyuta mpya itazifanya saa mbili ziwe moja, hapo kuna faida inayohesabika. Lakini kama video huachwa zijitengeneze usiku watu wakiwa wamelala, kasi hiyo haikuletei hata senti.

(d) Nitatumia kwa siku ngapi? Chukua bei, gawanya kwa siku za kazi. Miaka mitano yenye siku 300 kila mmoja ni siku 1,500. Studio Display ya dola 1,599 inagharimu kama dola moja kwa siku. Seti ile ya dola 11,997 inagharimu dola nane kwa siku, na ni skrini tu yenye uhakika wa kuifikia miaka hiyo mitano bila kupitwa. Kama kila siku haikuletei hizo dola nane juu ya ulizokuwa ukipata, usinunue.

Wapo watakaosema, basi tukanunue mitumba. Kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya zimesaidia biashara nyingi na hatuzibezi. Ila mtumba una mtego wake. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inahitaji kompyuta yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu zote zinazokubalika ni za kizazi cha nane kuja juu. Hivyo rundo la mashine za kizazi cha sita na cha saba likikuangukia kwa bei ya kutupa, fahamu kwa nini linatupwa. Muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei.

Na kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kuingiza fedha katika studio au duka la mwenzake: usitazame ukubwa wa skrini iliyo mezani. Omba kuona daftari la kazi za miezi sita. Ukikuta vifaa vya thamani kuliko kazi, ujue fedha zako zitakwenda kulipia kiburi. Ukikuta kazi zimejaa na mafundi wanapokezana kompyuta moja iliyochoka, hapo ndipo penye nafasi ya mtaji wako.

Msimamo wetu, basi, ni huu: ukiwa na fedha ya ziada, iongeze kwenye skrini, na sanduku ulinunue la kati. Nunua skrini inayochomoka, na memori na diski vya kutosha tangu mwanzo pale ambapo haviongezeki baadaye. Bei ya juu ni halali kwa yule tu anayeweza kuonyesha kwenye daftari ni kazi gani itakayoirudisha. Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Kwa bidhaa hizi, ni heri mahesabu yaanze asubuhi.