Mashindano ya Zana Zisizolingana

Msomaji kijana, watu wawili wakishindana mbio, nasi tukatangaza kuwa mmoja wao ni mshindi, neno hilo lina maana gani? Maana yake ni kuwa mtu amemshinda mtu. Ikiwa mmoja alipanda baiskeli na mwenziwe alikwenda kwa miguu, basi iliyoshinda ni baiskeli, na mpandaji hana la kujisifia ila kwamba alikuwa nayo. Jambo hili ni wazi hata kwa mtoto mdogo. Walakini uko uwanja mmoja ambamo vijana wetu hushindana kila jioni, wengine kwa miguu na wengine juu ya baiskeli, na mara nyingi hakuna aambiwaye mwenziwe amepanda nini. Uwanja huo ni michezo ya kulenga na kupiga shabaha ichezwayo kwa njia ya intaneti. Nadai kuwa kuchanganya zana katika michezo hiyo, pasipo kumwarifu wala kumtaka radhi mchezaji, ni dhuluma. Na kuwa wenye michezo, na waandalizi wa mashindano katika miji yetu, hawana udhuru wa kuendelea nao.

Wapo wazee watakaoniuliza kwa nini nazungumza habari ya haki katika mchezo wa bunduki za uongo, ilhali afadhali ningewaambia vijana wauache kabisa. Swali lao ni zuri, lakini ni swali la siku nyingine. Maadamu vijana wanacheza, na maadamu jina na fedha hutolewa kwa mshindi, haki ina mahali pake humo kama ilivyo na mahali katika kandanda.

Tazama hali ilivyo Kisumu. Likizo ikifika (kwa maana shuleni simu hairuhusiwi), kijana wa Nyalenda au wa Kondele hushika simu, kwa sababu simu ndiyo iliyoko nyumbani, nayo mara nyingi ni ya mzazi au ya kaka. Hucheza PUBG Mobile, uliotoka mwaka 2018, au Call of Duty: Mobile, uliotoka mwaka 2019. Kijana wa pili, ambaye kwao kuna nafasi, ana kompyuta, kibodi na kipanya. Wa tatu hulipia zamu yake katika kibanda cha michezo, na humo hushika pedi, kile kifaa cha mikono miwili chenye vijiti viwili vinavyosukumwa kwa vidole gumba. Usidhani watatu hawa wametengana. Wa pili aweza kuingia katika mchezo wa simu kwa programu iigizayo simu ndani ya kompyuta. Na yeye huyo hukutana na wa tatu katika Warzone, mchezo uliotoka mwezi Machi 2020 ukawatia wenye pedi na wenye kipanya katika uwanja mmoja.

Sasa tuzipime zana zenyewe, maana watu wengi hubishana juu yake bila kujua zinavyofanya kazi. Kipanya husema na mashine kwa lugha ya mahali. Mkono ukisogea shubiri moja juu ya meza, jicho la mchezo hugeuka kwa kadiri ile ile, na mkono ukisimama nalo husimama. Kazi hiyo hufanywa na kiwiko, kifundo cha mkono na vidole kwa pamoja. Ndiyo mikono ile ile iandikayo na kushona. Kijiti cha pedi husema lugha nyingine, lugha ya mwendo. Ukikisukuma hukiambii jicho la mchezo liende wapi, bali liende kwa kasi gani; nalo huendelea kugeuka mpaka ukiachie, hata yakupasa kukadiria wakati wa kuachia kabla hujafika unakokwenda. Kazi yote hiyo ni ya kidole gumba kimoja.

Kioo cha simu kina taabu zake. Kidole hakipati ukingo wa kugusa, kwa hiyo hakijui kipo wapi ila jicho likitazame. Na kikiwa pale hufunika sehemu ya uwanja ambayo jicho lataka kuiona. Kidole gumba kile kile kinachogeuza ndicho kitakiwacho kupiga. Vijana hodari wamebuni njia ya kutumia vidole vinne, wakiikunjia simu mikono kama kaa, nami nawastahi kwa hilo. Simu za bei kubwa zina kihisi cha mzunguko, kimwezeshacho mchezaji kulenga kwa kuiinamisha simu yenyewe. Simu nyingi za bei ndogo hazina. Hivyo hata wenye simu si sawa wao kwa wao, lakini tofauti hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ile iliyoko baina ya kidole na mkono mzima.

Tofauti hii haikugunduliwa jana. Mwaka 1997, huko Marekani, kijana aitwaye Dennis Fong, ajulikanaye zaidi kwa jina la Thresh, alishinda mashindano ya mchezo wa Quake akazawadiwa gari la Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa mchezo huo. Fong alitumia kipanya kulengea na vitufe vya herufi W, A, S na D kutembelea, na mpangilio huo ukaenea duniani. Michezo ya namna hii ilipohamia katika mashine za sebuleni, waundaji waliona kuwa kidole gumba hakitoshi. Katika Halo, uliotoka mwaka 2001, programu ilimsaidia mchezaji kulenga, na tangu hapo msaada wa shabaha umekuwa desturi kwa pedi, na kwa kiasi fulani hata kwa simu.

Msaada huo ni wa namna mbili, na yafaa uzitofautishe. Namna ya kwanza hupunguza kasi ya kugeuka shabaha inapokaribia, mfano wa mtu akushikaye bega ukikaribia mlango usije ukaupita. Namna ya pili hugeuza jicho la mchezo pamoja na adui anapokimbia. Hii ya pili ndiyo iliyozusha ugomvi mkubwa. Binadamu akiona kitu kikisogea, mkono wake hukawia takriban sehemu ya tano ya sekunde kabla ya kuitikia. Programu haikawii hivyo. Mwenye kipanya hulia kuwa anapigana na mashine. Mwenye pedi humjibu kuwa yeye ana kidole gumba kimoja na mwenziwe ana mkono mzima, na kuwa akinyang'anywa msaada huo atabaki shabaha tu.

Mimi naona kuwa wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Haiwezekani kuzilinganisha zana mbili zisemazo lugha mbili kwa kuongeza chumvi huku na kupunguza kule. Mwaka 2024 wenye mchezo wa Apex Legends walipunguza nguvu ya msaada wa shabaha kwa wenye pedi wanaokutana na wachezaji wa kompyuta. Wa kipanya wakasema ni kidogo, wa pedi wakasema ni nyingi. Hakimu atiaye mchanga katika sahani moja ya mizani kila msimu, halafu akaamuru kuwa mizani i sawa, hajapima kitu. Njia ya haki ni fupi kuliko hiyo: kila zana icheze na wenziwe.

Wala hilo si jambo lisilowezekana. Call of Duty: Mobile huwatenga wenye pedi wakacheza na wenye pedi. PUBG Mobile huwapeleka watumiao programu ya kuigiza simu wakakutane wao kwa wao. Halo Infinite ulipotoka mwaka 2021 uliweka mashindano ya daraja ya pedi mbali na ya kipanya. Basi kazi imekwisha kufanywa na wengine, na asiyeifanya hakukosa njia.

Nimesikia majibu matatu ya wapinzani. Jibu la kwanza ni kuwa mchezaji hodari hushinda kwa zana yoyote. Hili ni kweli pale hodari anapokutana na dhaifu. Lakini mashindano ya maana huwa baina ya watu waliokaribiana, na hapo nywele moja huamua. Hakuna Mkenya atiaye shaka miguu ya Eliud Kipchoge, aliyekimbia masafa ya marathoni huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hata hivyo, Januari 2020 shirika la riadha la dunia liliweka mpaka wa unene wa soli za viatu vya mbio za barabarani kuwa milimita 40. Hawakusema kuwa hodari hushinda kwa kiatu chochote, basi kila mtu avae atakavyo. Ikiwa milimita za soli zastahili sheria, je, mkono mzima dhidi ya kidole gumba haustahili hata tangazo?

Au chukua mfano wa ziwani. Tuseme mashua zashindanishwa kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, kumi za tanga na moja ya mashine. Nahodha wa mashine afike kwanza, naye akabidhiwe kikombe. Je, wavuvi wa pwani zote mbili watampigia makofi? Watacheka, na huenda wakamtupia maganda ya ndizi. Wala hawatasema kuwa mashine ni haramu. Wao wenyewe huzitumia wakiwa na petroli. Watasema tu kuwa haya hayakuwa mashindano.

Jibu la pili hunipa taabu zaidi. Husemwa kuwa mchezaji wa Kisumu haonewi na zana bali na umbali. Seva za Afrika za michezo hii nyingi zipo Afrika Kusini. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kisumu hadi Johannesburg ni kama kilomita 3,000, na kwenda na kurudi ni 6,000. Kwa hiyo jibu haliwezi kurudi kabla ya kupita sehemu 30 katika 1,000 za sekunde, hata kama waya ungenyoka kama uzi. Nao haunyoki, maana kwa kawaida huteremka kwanza mpaka Mombasa, ambako nyaya za baharini zilifika mwaka 2009, ndipo ukashika njia ya bahari. Nakubali yote hayo. Lakini umbali ni kazi ya dunia ilivyoumbwa, na kuupunguza ni ghali. Kutenganisha zana ni amri moja katika programu. Mtu mwenye mizigo miwili kichwani hatuambii tumwachie ule mwepesi kwa sababu hatuwezi kumtua ule mzito.

Jibu la tatu ni la wenye michezo wenyewe: wachezaji wakitengwa, foleni ya kungojea hurefuka, hasa usiku na hasa katika sehemu zenye watu wachache kama zetu. Hili lina ukweli, nami silidharau. Katika mchezo wa kujifurahisha, mchezaji na aulizwe: wataka kungojea wenye zana kama yako, au waingia sasa na mchanganyiko? Akichagua mchanganyiko, aonyeshwe kando ya kila jina alama ya zana aliyoshika mtu huyo. Alama hiyo haimpunguzii mtu foleni wala fedha. Humwondolea kijana wa simu ile aibu ya kudhani kuwa mikono yake ni mibovu, naye hajui kuwa kutwa alikuwa akishindana na meza na kipanya. Lakini panapokuwa na daraja au zawadi, kisingizio cha foleni hakifai kitu.

Zimebaki zana za namna nyingine kabisa, nazo sitaki zitengwe, nataka zitolewe. Wapo wauzao vifaa vya kuchomekwa baina ya pedi na mashine, ambavyo huituliza bunduki yenyewe au hukifanya kipanya kijidai kuwa pedi, ili kile msaada wa kidole gumba kiupate mkono mzima. Mwaka 2023 Activision, wenye Call of Duty, walianza kuvisaka vifaa hivyo na kuviadhibu. Agosti 2024 Valve, wenye Counter-Strike 2, walikataza kibodi zinazopanga zenyewe kituo na mwendo wa mchezaji, hata kama kibodi hizo zauzwa madukani hadharani. Naziunga mkono amri zote mbili. Zana ipelekayo nia ya mkono ni zana, ikiwa nzuri au mbaya; ile itendayo kazi badala ya mkono ni mchezaji wa pili aliyefichwa chini ya meza.

Basi wewe utakayesimamia mashindano Kisumu, ukumbini au katika kibanda, huna haja ya kungoja kampuni za ng'ambo. Andika katika tangazo, kabla ya kupokea ada, ni zana gani itakayotumiwa. Siku ya mchezo weka mtu mlangoni atazame kila mmoja ameshika nini na kimechomekwa wapi. Wakijiandikisha arobaini wenye simu na sita wenye pedi, wale sita wacheze wao kwa wao, na zawadi yao iwe ndogo kwa kadiri ya idadi yao. Na mwenye kompyuta akija na programu ya kuigiza simu, akisema kuwa mchezo ni ule ule, mrudishie ada yake.