Mkaa usio na moshi nao unaua

Mijini kwetu imejengeka imani kwamba moshi ni shida ya kijijini. Kuni ndizo zinazochoma macho na kukohoza. Mkaa, ukishakolea, hauna neno. Kwa imani hiyo jiko huingizwa chumbani, mtoto akalazwa pembeni yake, na dirisha likafungwa kuzuia baridi. Imani hii ni ya uongo, na imezika watu.

Mkaa ni mti uliokwisha kuchomwa tanurini, ukapoteza maji na sehemu kubwa ya vitu vinavyofuka. Ndiyo maana moshi wake ni haba. Lakini kaa jekundu lisilopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Moshi wa kuni angalau hukufukuza jikoni. Gesi hii hukuacha uketi. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, mbeba oksijeni mwilini, kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi unazidi, na mtu anadhani ni uchovu wa kutwa. Ndivyo wanavyokufa wanaolala na jiko ndani katika baridi ya Juni na Julai, iwe Njombe au Nairobi.

Utaniambia wewe hulali na jiko. Sawa, lakini unapika nalo kila siku, na kipimo kidogo cha kila siku nacho kina deni lake. Kintampo, Ghana, watafiti walipima gesi hii waliyovuta wajawazito, kisha wakapima upumuaji wa watoto waliozaliwa. Kadiri mama alivyovuta zaidi, ndivyo mapafu ya mtoto yalivyokuwa dhaifu. Hapo bado hatujahesabu plastiki na mafuta ya taa tunayowashia mkaa wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Wengine hujifariji kwa jiko banifu. Jiko hilo huokoa mkaa na pesa, hilo silipingi. Ila nchini Malawi familia za watoto zaidi ya 10,000 zilifuatiliwa, baadhi zikipewa majiko ya kuni yenye feni yanayochoma vizuri zaidi. Matokeo yakatoka: nimonia haikupungua. Kupunguza uchafu kidogo hakukutosha kumkinga mtoto.

Hoja nzito iliyobaki ni ya mfuko. Mkaa hununuliwa kwa kopo kwa pesa ya leo. Gesi ya kupikia hudai bei ya mtungi mzima kwa mkupuo. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini ni hoja ya bei. Haiusafishi mkaa. Na bei hupangwa na watu. Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, ikaishusha hadi asilimia 8 mwaka 2022, na kuiondoa mwaka 2023. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kugawa mitungi mbele ya kamera hakutatufikisha huko. Kipimo ni kama mwenye mtungi ataweza kuujaza mara ya pili, na ya kumi. Umeme nao tunauogopa bila kupiga hesabu: jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, uniti ya nyumbani haifiki shilingi 400.

Kwa hiyo viongozi waache kuhesabu mitungi iliyogawiwa, wahesabu iliyojazwa tena, na wauze gesi kwa vipimo ambavyo mtu wa kopo la mkaa anavimudu. Nawe usiye na kingine leo, pikia nje au barazani, mjamzito na mtoto wakae mbali, na jiko la mkaa lisiingie chumbani usiku hata kama juu yake yanaonekana majivu matupu.