Matumbawe Yakishahama, Tutoe Mikono Majini



Mwaka huu nyumba tatu katika jamaa zetu wa hapa Guangzhou zimehamia Pazhou, yangu ikiwa mojawapo, na zote tatu zilikuwa na tangi la kioo la maji ya chumvi. Katika moja, matumbawe yote yalikufa kabla ya mwezi kwisha, na watoto wakalia kama waliofiwa na paka. Tangu hapo kila tukikutana nasikia kwamba matumbawe hayahamishiki, na kwamba mwenye kuhama heri ayauze mapema. Mimi sikubaliani na neno hilo, na nimemwomba mhariri nafasi niseme kwa nini.

Sisemi kwa ujuvi. Mwaka 2019, tulipohama kutoka jengo moja la Xiaobei kwenda jingine, niliyaua yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Niliona kuhama ni fursa ya usafi. Nikayasugua mawe kwa maji ya bomba, nikauosha mchanga hadi ukang'aa, nikajaza maji mapya, nikawasha taa zote na kuwaita majirani waje kutazama. Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama tui. Siku ya tano tulifungua madirisha kwa uvundo.

Kosa letu sisi watu wa pwani, naona, latokana na nyumba tulizozaliwa ndani yake. Kuta za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na hata chokaa yake ilichomwa kutokana na matumbawe. Basi tumekua tukijua kuwa tumbawe ni jiwe, na jiwe huoshwa, hubebwa, huwekwa popote. Kumbe tumbawe ni mnyama, au tuseme kundi la wanyama wadogo wenye vinywa, na ndani ya miili yao huishi vimwani visivyoonekana kwa jicho, ambavyo huwatengenezea chakula kwa mwanga. Akisumbuliwa na joto au mwanga mkali, mnyama yule huvitoa vimwani vyake, akabaki mweupe na mwenye njaa. Mwaka 1998 bahari yetu ilipozidi joto, miamba mingi kuanzia Kenya hadi Mafia iligeuka myeupe na sehemu kubwa ikafa. Ikiwa bahari nzima ilishindwa kwa kuzidi joto kidogo tu, sembuse lita 300 zilizoko ghorofa ya nane?

Safari hii nilifanya kinyume cha yote ya mwaka 2019. Mawe niliyasafirisha yakiwa yamezama katika maji yao ya zamani, kwa sababu ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaoigeuza amonia, ile sumu itokayo katika kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao wakikauka au wakioshwa kwa maji ya bomba yenye dawa, hufa. Matumbawe yalikwenda katika ndoo zao peke yao, yamefunikwa. Mchanga wa zamani niliutupa, kwani ukivurugwa hutoa uchafu wa miaka mingi kwa siku moja. Maji ya zamani nilibeba zaidi ya nusu. Yaliyobaki nilitengeneza siku moja kabla, kwa maji yaliyochujwa na chumvi ya bahari, hadi kipimo kikasoma 1.025 na joto likalingana na la zamani, nyuzi 25 hivi.

Tena nilichagua mwisho wa Novemba. Joto la Guangzhou limeshapungua, na Maonyesho ya Canton, yaliyoanza mwaka 1957 na ambayo sasa hufanyika hapa Pazhou mara mbili kwa mwaka, yamekwisha. Anayehama katika wiki za maonyesho ajue kwamba ndoo zake zitakaa barabarani pamoja na wafanyabiashara wa dunia nzima.

Lakini hayo yote ni kazi ya siku moja. Kinachoua, nasema, ni mwezi unaofuata, na muuaji ni huruma yetu. Tumbawe likifunga, tunalisogeza. Lisipofunguka kesho yake, tunaliongezea taa, halafu dawa, halafu chakula. Mimi nilipunguza nguvu ya taa hadi nusu na kuipandisha kidogo kidogo kwa wiki tatu. Samaki niliwapa chakula kidogo, matumbawe sikuyapa kitu. Kila asubuhi nilipima amonia, na siku mbili ilipoonekana nilibadilisha sehemu ya maji. Hiyo tu ndiyo sababu niliyojiruhusu kutia mkono.

Siku ya sita shangazi yake mke wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mombasa, alilitazama tumbawe langu kubwa la ngozi, limenywea na kufunikwa utando unaong'aa kama nta, akasema, "Mwanangu, hili limekufa. Litoe kabla halijanuka."

"Ngoja kwanza, shangazi," nikamwambia, ingawa moyoni nilikuwa karibu kumtii.

Siku ya kumi utando ulijivua wenyewe, ukachukuliwa na mkondo wa pampu, na tumbawe likafunguka. Ndivyo jamii hiyo ifanyavyo ikisumbuliwa: hujivua ngozi. Wiki ya tatu mchanga mpya uliota utando wa kahawia. Nao niliuacha, ukapungua wenyewe.

Jambo moja si la mzaha. Yale matumbawe madogo yafananayo na vifungo vya shati, mengine yana sumu kali mno. Shikeni kwa glavu, watoto wakae mbali, wala jiwe lenye matumbawe hayo lisichemshwe wala kusuguliwa kwa maji ya moto, maana mvuke wake unaweza kuwalaza watu wa nyumba nzima hospitali.

Wapo wasemao kwamba kukaa bila kugusa ni uvivu. Waje wakae wao siku kumi mbele ya tangi bila kunyoosha mkono, kisha wanieleze uvivu huo. Nakubaliana nao katika moja tu: anayehamahama kila mwaka kwa ajili ya kodi au viza, heri matumbawe ayagawe kwa jamaa aliyetulia.

Na aliyepoteza yake asikimbilie kununua yale magumu, yanayojenga mawe. Katika orodha ya China ya mwaka 2021, matumbawe yote ya namna hiyo yamo katika daraja la pili la viumbe wanaolindwa na serikali, na kununua bila karatasi halali kwaweza kukufikisha polisi. Kuyavusha mipaka nako kunabanwa na mkataba wa CITES, kwa hivyo kile kipande cha kutoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo nacho tukisahau. Langu lina ya ngozi na ya uyoga tu, yaliyozalishwa matangini.

Anayehama hivi karibuni, ndoo zangu sita zenye vifuniko ziko stoo. Njooni mzichukue, ila zirudi zimesuuzwa kwa maji matupu. Sabuni isiziguse.