Kipupwe Milimani: Safari ya Watu Wawili

Ndugu msomaji, mume na mke wakitoka nyumbani alfajiri na mkoba mmoja, bila watoto, jirani wa kwanza atakayekutana nao huuliza: "Poleni, msiba uko wapi?" Jirani huyo hana ubaya. Anajua, kama tujuavyo sote, kwamba katika miji yetu watu wawili hawafungi safari pamoja ila kuna maziko, kuna mgonjwa, au kuna harusi ya ndugu. Mimi na mama watoto tuliulizwa swali hilo mwaka tulipotimiza miaka 22 ya ndoa. Tulipojibu kwamba tunakwenda Lushoto kutembea msituni, jirani alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Haya, Mungu awatangulie." Nadhani aliamini kwamba tunamficha msiba.

Leo napenda tuzungumze juu ya safari ya namna hiyo: siku tatu, watu wawili, majira ya kipupwe, katika misitu ya Usambara. Nitaeleza namna ya kuipanga, maana safari isiyopangwa huzaa ugomvi, na mimi mwenyewe ni shahidi wa jambo hilo. Lakini kwanza hapana budi tuulizane: ya nini safari yenyewe?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Jiulize, siku 28 zako za mwaka jana zilikwenda wapi? Aghalabu zilikwenda kwa fundi wa nyumba, shambani, hospitali na makaburini. Hayo yote ni wajibu, wala simshauri mtu kuyakimbia. Ila katika siku 28, kumpa mwenzi wako siku 3 si wizi. Mume na mke wa mjini huonana usiku, wote wawili wamechoka, na mazungumzo yao huwa ni ada ya shule, umeme, maji na kodi. Watoto wakishakua na kuondoka, mazungumzo nayo huondoka, ndipo watu wawili hujikuta mezani wakitazamana kama abiria wa basi moja.

Sasa, kwa nini Lushoto? Wengi wetu tumepita chini ya milima ile mara nyingi tukielekea Moshi au Arusha. Basi likifika Mombo tunanunua machungwa dirishani, tunaitupia milima jicho moja, kisha tunalala tena. Wageni hawakuipita hivyo. Wajerumani walipoitawala nchi hii walijenga reli kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905. Na juu ya milima wakaweka mji waliouita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, ili wapate kuikimbia joto ya pwani. Huo ndio Lushoto wa leo. Mwaka 1892 ofisa wao mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliokota ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Leo vizazi vya ua lile vimo katika vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani. Yaani bibi kizee wa Berlin analimwagilia maji ua la Usambara kila asubuhi, nasi tuliozaliwa katika nchi yake hatujaliona. Mandhari ya nchi yetu si mali ya watalii peke yao.

Na kwa nini kipupwe? Kwa sababu masika huisha Mei, na kuanzia Juni hadi Agosti njia za milimani huwa hazina utelezi mwingi, wala jua halichomi. Asubuhi ukungu hukaa juu ya mabonde kama maziwa katika bakuli. Usiku baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10, jambo ambalo mkazi wa Dar es Salaam hulisikia redioni tu. Usiiogope baridi hiyo. Huwafanya watu wawili wakae karibu na jiko moja, na hilo si jambo dogo.

Basi tupange. Jambo la kwanza ni tarehe. Waajiri wenu wawili huenda wasiwape likizo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ombeni mapema, tangu mwanzoni mwa mwaka, na itazameni kalenda. Saba Saba na Nane Nane zote huangukia katika kipupwe. Sikukuu moja ikikutana na mwisho wa juma, huwapa siku tatu kwa gharama ya siku moja tu ya likizo, au hata bila hiyo.

Jambo la pili ni fedha. Andikeni katika daftari vifungu vitano: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, mwongozaji pamoja na kiingilio cha msitu, na akiba ya dharura. Jumlisheni, kisha gawanyeni kwa miezi sita, toka Januari hadi Juni. Mtaona kwamba kiasi cha kila mwezi hakizidi sana kile kinachopotea katika soda na vocha za simu. Kiwekwe katika kibubu ambacho hakuna hata mmoja wenu mwenye ruhusa ya kukivunja peke yake. Fedha ya kukopa isiingie humo. Mtu anayetembea msituni huku akihesabu deni hasikii ndege.

Jambo la tatu ni watoto. Mwombeni bibi au shangazi aje kukaa nao, na mwombeni kwa heshima inayostahili: mapema, mkimwachia chakula cha kutosha, nauli yake na dawa zake. Msimwambie uongo kwamba mnakwenda kazini. Mama mkwe wangu tulipomweleza ukweli alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema laiti marehemu mzee angaliwahi kumchukua hata kama ni mpaka mto wa pili.

Jambo la nne ni mizigo, na hapa ndipo nilipokosea. Mama watoto alitaka tuchukue sweta. Mimi nikamjibu kwa ujuzi mwingi: "Sweta za nini? Tunakwenda Mkoa wa Tanga, hatuendi Ulaya." Kadhalika nilikataa kupiga simu ya kuagiza chumba, nikisema vyumba havikosekani. Tulitoka Dar es Salaam mchana badala ya alfajiri, tukapita Chalinze, Segera na Korogwe, na giza likatukuta Mombo. Barabara ya kutoka Mombo hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni, ambako maporomoko ya maji yako kando ya njia. Sisi tulisikia mngurumo tu. Tulipofika Lushoto tulipata chumba katika nyumba moja ya wageni chenye blanketi moja jembamba. Usiku ule hatukusemezana. Nilitetemeka mpaka alfajiri, na kila nilipotetemeka nilimsikia mwenzangu akipumua kwa namna ya mtu aliyekwisha kusema neno lake wala hana haja ya kulirudia.

Asubuhi kabla ya chai tulikwenda sokoni tukanunua sweta mbili za mitumba. Kwa hiyo, ndugu msomaji, pokea orodha yangu bila ubishi: sweta nzito kwa kila mtu, soksi za kutosha, viatu vyenye nyayo za kushika ardhi, koti la mvua, tochi, chupa ya chai ya tangawizi, na kanga mbili, maana kanga haikosi kazi. Chakula cha njiani kiwe chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi, vyote ndani ya kikapu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Na taka nyingine zozote rudini nazo mjini. Ondokeni kwa basi la alfajiri mfike mchana. Chumba kiagizwe kabla, na muulize wazi idadi ya mablanketi.

Siku ya kwanza ya matembezi iwe nyepesi. Kutoka mjini Lushoto hadi ukingo wa Irente ni kiasi cha kilometa 6, kwa njia inayopita kati ya mashamba ya mahindi, migomba na mboga. Wenyeji watawasalimu, simameni mjibu, msipite kama wenye haraka. Ukifika ukingoni ardhi hukatika ghafula. Chini, mamia ya mita chini, ipo nchi kavu ya Mazinde na mashamba ya mkonge, na barabara kuu ambayo kwayo ulipita umelala. Magari huonekana kama siafu. Msisogee ukingoni mno, na mwanze kurudi mapema, kwa sababu Julai jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni.

Ni katika njia hiyo ya Irente ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kukueleza. Nilikuwa nikitembea mbele, kama kawaida yangu, nikiiangalia saa. Mara nikasikia sauti nyuma: "Baba, unatembea na nani?" Nikageuka. Mama watoto alikuwa mbali, hatua kama sitini, amesimama chini ya mti. Nikarudi. Hakuwa na hasira. Alisema tu kwamba mgongo wangu anaufahamu vizuri sana. Ameutazama kwa miaka 22.

Tulipokaa juu ya mwamba kunywa chai, aliongeza neno jingine. "Umebakiza miaka mitano ustaafu," alisema. "Naiogopa siku hiyo. Watoto watakuwa wameondoka, nawe utakuwa nyumbani kutwa. Sijui tutazungumza nini."

Nilitafuta jibu, nikalikosa. Mjini ningeligeuza neno lile kuwa mzaha, au simu ingelia ikaniokoa. Kule hapakuwa na simu, tulikuwa tumezizima. Tulikaa kimya, na kimya kile hakikuwa kama cha usiku uliopita. Tuliporudi nilifuata mwendo wake, na nikagundua kwamba kwa mwendo ule huonekana mambo mengi: kinyonga tawini, mtoto anayechunga mbuzi mmoja, maji yanayopita chini ya majani bila kuonekana.

Siku ya pili ndiyo ya msitu wenyewe. Hifadhi ya Magamba iko kilometa chache kutoka mjini, na ziko sehemu zake zinazopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuna kiingilio, nacho kwa raia ni nafuu kuliko kwa mgeni wa nje. Mchukue mwongozaji, vijana wa Lushoto huijua misitu ile, na ujira wao ni sehemu ya sababu ya msitu kubaki umesimama. Humo mtakuta mkulo, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri, ambao kwa mbao zake nzuri ulikatwa mno zamani. Mtawasikia mbega juu kabla ya kuwaona, weusi kwa weupe, mikia mirefu ikining'inia. Wapo pia vinyonga wenye pembe puani wasiopatikana ila katika milima hii. Na wataalamu, walipolitafutia jina kundi lao mwaka 2006, waliliita Kinyongia, kwa kulitwaa neno letu la Kiswahili. Tembeeni polepole, msipige kelele, msing'oe mmea wowote. Muangalie siafu mnapokaa. Na mazungumzo msiyalazimishe. Msitu huyaleta wenyewe.

Siku ile ya Magamba nilimwomba mama watoto atangulie. Alinieleza habari za utoto wake ambazo sikupata kuzisikia: jinsi alivyokwenda kuni na bibi yake, na jinsi alivyotaka kusomea uuguzi akakosa karo. Miaka 22, nami sikulijua hilo. Sikuwahi kuuliza.

Sasa nimestaafu. Sitasema kwamba tumekuwa malaika. Bado tunagombana juu ya redio na juu ya chumvi. Lakini kila kipupwe tunakwenda, mwaka mwingine Lushoto, mwaka mwingine karibu zaidi, Pugu au Kisarawe, wakati kibubu kisipojaa. Na jioni tukikaa barazani hatukosi la kuzungumza. Siku nyingine tunakosa, tukakaa kimya, nacho kimya hicho hakitutishi tena.

Ndugu msomaji, usingoje nyumba iishe kujengwa, nyumba haziishi. Wala usingoje kuwa na fedha nyingi. Leo Jumapili, mkimaliza chakula, leta daftari mezani, andika vile vifungu vitano, na mwulize mwenzako ni mwezi gani utamfaa. Msiba usiwe ndio jambo pekee linalowasafirisha pamoja, maana ipo safari ya msiba ambayo mmoja wenu ataifunga bila mwenzake.

Tukutane tena Jumapili ijayo.