Kufungua si Kazi, Kazi ni Kufunga



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya kazi ya mikono. Wako wenzetu wasemao kwamba walikuja shule kushika kalamu, si spana. Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka likizo iliyopita.

Baba yangu mdogo ana pikapu ichukuayo maharage na kahawa kutoka Nkwenda, wilayani Kyerwa, hadi Omurushaka, Karagwe. Madaftari yangu na sare zangu hutoka katika gari hilo. Basi lilikuwa likivuja oili mbele ya injini, na fundi akaufungua mfuniko wa mbele, ule ufunikao cheni iunganishayo kranki na kemshafti. Nilimsaidia, na kila bolti iliyotoka niliitupa koponi. Tulipomaliza nilijiona fundi kamili.

"Kijana," akasema, "kufungua hata mtoto aweza. Kazi ni kufunga."

Tulikwangua gasketi kuukuu polepole, maana mfuniko ni wa aluminiamu, na mkwaruzo mmoja ni njia ya oili. Akazitazama alama za cheni, kwa sababu kranki huzunguka mara mbili kemshafti izungukapo mara moja. Cheni ikiruka jino moja, valvu hufunguka wakati usiopasa. Akatia sili mpya, akaipaka oili mdomoni isichanike injini iwakapo. Kisha akapaka silikoni, tukaurudisha mfuniko, akaenda kunywa chai akiniachia bolti nizishike kwa mkono tu.

Hapo ndipo koponi liliponiumbua. Bolti hizo hazilingani urefu. Moja niliyoitia ilikaza kabla kichwa chake hakijagusa mfuniko. Ilikuwa ndefu kuliko tundu lake. Nikawaza: puli itakuja kupafunika hapa, nani ataona? Lakini nikakumbuka vilima vya njia ile, na injini iliyoishiwa oili njiani. Fundi aliporudi nikamwambia kweli.

Hakunikemea. Aliuvua mfuniko, akafuta silikoni yote, akaanza upya. Safari hii alipanga bolti juu ya karatasi kila moja mahali pake, akazikaza kidogo kidogo kwa kupishanisha pande, na akakataa kutia oili mpaka silikoni ikauke. Maharage yakalala Nkwenda siku moja zaidi, na baba mdogo akanuna. Hata leo pikapu haijadondosha oili.

Kwa maoni yangu, sisi wanafunzi tumezoea kumsifu afunguaye na kumsahau afungaye. Hata katika hesabu twaruka hatua tukidhani jibu litaifunika. Naomba walimu wetu wafikirie kumwalika fundi Jumamosi moja kila muhula, atuonyeshe kazi yake kwa vitendo. Na ninyi wazazi, msimharakishe fundi kwa kumwambia "maliza leo leo", kisha mkamlaumu gari lizimikapo njiani. Muda wa kukauka silikoni nao ni sehemu ya kazi mliyolipia.

Kazi iliyofunikwa haionekani na mtu, lakini oili huiona. Wahenga walisema kweli: mwenda pole hajikwai.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu